Utafiti wa metali kwenye vimeng'enya huanzia kwenye maji

Mwanafunzi wa kemia wa Maseno au Kakamega anayetaka kuingia kwenye utafiti wa metali katika vimeng'enya (protini zinazoharakisha mimenyuko ya kemia) huulizia mashine kwanza. Kwa maoni yangu, aulizie maji. Mashine unaweza kuazima wiki moja chuo jirani. Maji machafu utaishi nayo kila siku, na yatakupa majibu mazuri ya uongo.

Chukua anhidrasi ya kaboni, kimeng'enya kilichojaa ndani ya seli nyekundu za damu, kinachogeuza kaboni dioksidi na maji kuwa bikaboneti na asidi. Wanasayansi Keilin na Mann walionyesha mwaka 1940 kwamba kina zinki: atomu moja kwa kila molekuli yenye uzito wa daltoni 29,000 hivi. Sasa piga hesabu. Mmumunyo wa mikromola 1 kwa lita wa kimeng'enya hiki hutosheka na mikrogramu 65 za zinki kwa lita. Maji ya mvua yaliyoteremka kwenye mabati yanaweza kubeba zaidi ya hapo bila shida, kwa kuwa mabati yenyewe yamepakwa zinki. Yaani ukisuuza vyombo kwa maji ya tangi, kimeng'enya ulichohangaika kukivua zinki, ili uone kinafanyaje bila hiyo, kitaivaa tena kabla hujakipima, maana kinaishika kwa nguvu ajabu.

Kwa hiyo: vyombo vya plastiki ya polipropilini, si glasi. Vilaze usiku kucha ndani ya asidi ya nitriki ya asilimia 10 (asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume), kisha suuza mara tano au zaidi kwa maji yaliyoondolewa ayoni. Vikauke vikiwa vimefunikwa, la sivyo vumbi jekundu litaleta chuma. Vizibo vya mpira na glavu za mpira pia huwa na zinki, jambo ambalo watu wengi hawalitarajii.

Damu ya ng'ombe inapatikana kichinjioni asubuhi. Tumia heparini kuizuia isigande. Mirija yenye EDTA, kemikali inayonasa metali, iache, kwani itakuvurugia vipimo vya metali baadaye. Osha seli mara tatu kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, zipasue kwa maji baridi, halafu uondoe himoglobini kwa mchanganyiko wa ethanoli na klorofomu.

Kuvua zinki ndiko kunakowashinda wengi. EDTA hufanya kazi polepole mno hapa. Asidi ya dipikoliniki ni bora, kwani huingia hadi kwenye zinki yenyewe na kuiharakisha kutoka. Weka mililita 10 za kimeng'enya kwenye mfuko wa dayalisisi (unaopitisha molekuli ndogo tu na kubakiza kimeng'enya), ndani ya mmumunyo wa milimola 50 kwa lita wa asidi hiyo kwenye pH 7. Kisha lazima uiondoe yote. Ukibadilisha lita moja ya bafa safi (mmumunyo unaoshikilia pH) mara mbili, bado zimebaki mikromola 5 kwa lita, mara tano ya kimeng'enya chako, na zitanyakua zinki yoyote utakayorudisha. Badilisha mara ya tatu, zibaki 0.05. Bafa ya fosfati usiitumie wakati wa kurudisha zinki, maana itaigandisha chini.

Kupima utendaji hakuhitaji pesa nyingi. Njia ya Wilbur na Anderson ya 1948 inataka barafu, saa na kipima pH: unahesabu sekunde za pH kushuka kutoka 8.3 hadi 6.3 baada ya kumimina maji yaliyojazwa kaboni dioksidi; kimeng'enya kikifanya kazi zaidi, sekunde hupungua. Bila barafu mmenyuko hukimbia wenyewe, usione tofauti. Maji ya soda ya dukani hayafai, mengi yametiwa bikaboneti.

Ukirudisha kobalti badala ya zinki, utendaji hurudi karibu nusu na mmumunyo hupata rangi. Zinki haina rangi, ndiyo maana kobalti hutumika kuchungulia mahali inapokaa.

Anayependa mambo ya shamba aangalie yureasi, kimeng'enya kinachovunja mbolea ya yurea na kupeperusha amonia usipoifukia. Mwanakemia Sumner aliitoa kama fuwele mwaka 1926, lakini nikeli yake haikugunduliwa hadi 1975. Hapo ogopa vijiko na sindano za chuma cha pua, kwa sababu aina ya 304 ina nikeli asilimia 8 hivi. Na usitegemee mbinu ya kuvua na kuvisha: nikeli ya yureasi ya maharage hutoka kwa asidi, na ikishatoka, kuiongeza tena hakukifufui kimeng'enya.