Wambea na Mbwa wa Zulia Jekundu

Jumapili usiku umeme ulirudi saa mbili na nusu, na jambo la kwanza alilolifanya mpwa wangu ni kunisogezea simu ili nitazame video aliyokuwa ameitunza kwa muda mrefu. Mbwa mwenye manyoya meusi na meupe ameketi kitini katikati ya mastaa, tai ya kipepeo shingoni, anapiga makofi. Ilikuwa sherehe ya tuzo za Oscar ya Machi 2024, wakati Robert Downey Jr. alipotangazwa mshindi wa uigizaji msaidizi. Mama, aliyekuwa anachambua mchele wa kesho, aliinua kichwa, akaitazama simu kwa miwani yake ya kusomea, akasema, "Wa kwenu hata kukaa hajui."

Nilimweleza kwamba mikono ile ilikuwa ya bandia na kwamba kulikuwa na mtu aliyejificha chini akiichezesha. "Basi aliyepiga makofi ni mtu," alijibu, "mbwa kaazimwa sura tu." Akarudi kwenye mchele wake.

Mbwa huyo anaitwa Messi, na kwa haki yote hakuwa pale kwa ajili ya makofi. Alikuwa amecheza katika Anatomy of a Fall, filamu ya Kifaransa ya mwongozaji Justine Triet, iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2023, na humo kuna mahali ambapo amelala sakafuni kama aliyelishwa vidonge, macho yamegeuka, ulimi umening'inia, mwili umelegea kiasi kwamba mtu akimwinua kichwa kinaanguka chenyewe. Nililitazama tukio hilo mara tatu nikitafuta mahali alipokosea, sikupaona. Mkufunzi wake, Laura Martin Contini, alimfundisha kwa majuma kadhaa. Huko Cannes Messi alipewa pia Palm Dog, tuzo ya mzaha inayotolewa tangu mwaka 2001 kwa mbwa aliyeigiza vizuri zaidi, na zawadi yake ni ukanda wa ngozi wa shingoni. Naiona ni zawadi yenye busara, kwa kuwa mshindi anaweza kuivaa siku hiyo hiyo.

Huku kwetu Sinza mbwa wetu anaitwa Wambea. Jina alilipata kwa mama, katika kipindi ambacho uhusiano wake na nyumba moja ya jirani haukuwa mzuri, na kila jioni alisimama uani akiita "Wambea! Wambea! Njooni mle!" kwa sauti iliyovuka ukuta, ingawa mbwa alikuwa mmoja. Ugomvi ule ulikwisha zamani, jina likabaki. Getini tumeandika kwa rangi nyekundu "Kuna mbwa mkali", na Wambea huitumikia kauli hiyo kwa bidii: wazoa taka wakigonga, hubweka mpaka mabati yanatetemeka. Geti likifunguliwa, hulala chali na kuomba akunwe tumbo. Mzee mmoja wa mtaani, anayetupitia baada ya sala ya magharibi, hupiga hodi kwa mbali ili tumfunge kwanza, kwani anachokiogopa si meno bali ile pua yenye majimaji kugusa kanzu yake.

Nimekuwa nikisoma habari za mbwa wa sinema wa zamani, na kilichonifurahisha kuliko umaarufu wao ni kwamba karibu wote waliigiza wasivyokuwa. Toto wa The Wizard of Oz, filamu ya mwaka 1939, alikuwa dume katika hadithi, lakini mwigizaji wake alikuwa jike aitwaye Terry, aliyelipwa dola 125 kwa juma, zaidi ya baadhi ya binadamu waliocheza naye. Mkufunzi wake, Carl Spitz, alimwelekeza kwa ishara za mikono ili sauti yake isiingie kwenye filamu, na siku moja askari mmoja wa mchezo alimkanyaga, ikabidi apumzishwe. Lassie naye, jike mpole wa aina ya collie aliyewaliza watu tangu mwaka 1943, alichezwa na dume aitwaye Pal. Madume ya aina ile huwa makubwa zaidi na manyoya yao hayapukutiki sana, kwa hiyo kazi ya jike ikawa ya madume hata baada ya Pal, wengi wao wakiwa wa uzao wake.

Lakini hadithi ya Pal iliyonigusa ni ya kabla ya sinema. Mwenye mbwa alimpeleka kwa mkufunzi Rudd Weatherwax kwa sababu alibweka ovyo na kufukuza pikipiki. Kubweka kulitulizwa, kufukuza pikipiki kukashindikana, na mwenyewe akaona afadhali amwache mbwa badala ya kulipa deni la mafunzo. Niliposoma hayo nilimwangalia Wambea kwa heshima mpya, kwa maana yeye na bodaboda ni maadui wa kudumu.

Ndiyo maana leo asubuhi, nikiwa na firigisi tatu za kuchemsha kwenye mfuko wa nailoni, nilijaribu kumfundisha kufa. Nilimlaza ubavu, nikamshika bega, nikasema "Kufa" kwa upole, nikampa kipande. Mara ya pili alijilaza mwenyewe. Mara ya tano alifumba macho, mkia ukatulia, na nzi mmoja akatua sikioni naye asitikisike. Mpwa wangu alikuwa anarekodi, na mimi nilikuwa nimeanza kuiona kola ya ngozi.

Geti lilikuwa limeegeshwa tu. Bodaboda ikakata kona karibu na duka la mangi, na marehemu akafufuka kabla sijainuka, akapita kwenye upenyo akiwa na firigisi mdomoni. Nilipofika barabarani dereva alikuwa ameinua miguu yote miwili juu ya tangi, akipaza sauti: "Braza, fungeni mbwa wenu!"

"Mwambie apige makofi," mama alisema kutoka dirishani.