Tafakari ya juma: Zitafakarini njia zenu (Hagai 1:1–15, 2:15–19)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi nilikuwa natafuta risiti ya saruji, nikakutana na daftari langu la mwaka 2013. Jalada limeshatoka na pembe zimeliwa na mende. Mwaka ule tulikuwa tumepanga chumba kimoja, na mvua ikinyesha tunasogeza kitanda. Nilikuwa na mazoea ya kuandika maombi ukurasa wa kushoto na matumizi ukurasa wa kulia. Kushoto nikasoma: “Bwana, tupe kiwanja, na nyumba tutakayojenga jumuiya itakusanyika humo.” Kulia: sukari nusu kilo, mafuta ya taa, sadaka, nauli ya kwenda kumwona mgonjwa. Hiyo nauli ya mgonjwa niliikuta karibu kila baada ya kurasa mbili.

Nilikaa palepale sakafuni, juu ya vigae. Kiwanja alitupa. Nyumba imesimama, ina dari ya jipsamu na taa zake. Jumuiya haijawahi kukusanyika kwangu hata mara moja, kwa sababu kila mwaka nasema ngoja kwanza nimalize sebule.

Ndipo nikafungua kitabu cha nabii Hagai. Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni Babeli walikuwa wameweka msingi wa hekalu mapema tu baada ya kurudi, kisha upinzani ukaja, kazi ikalala. Ilipofika mwaka wa pili wa mfalme Dario, yaani 520 KK, msingi ule ulikuwa umekaa miaka kama 16. Upinzani ulikuwa wa kweli, tusiwaonee. Lakini katika miaka hiyohiyo walipata nafasi ya kupamba nyumba zao kwa mbao, na jibu lao kuhusu nyumba ya Bwana lilikuwa moja: wakati bado. Hawakusema hatutajenga. Na mimi sijawahi kusema jumuiya isije.

Bwana anawaambia, “Zitafakarini njia zenu.” Katika Kiebrania maneno yenyewe ni kuweka moyo juu ya njia zako, kama mtu anayeweka mkono juu ya kitu akipapase. Katika sura ya pili anawarudisha nyuma waziwazi, wakumbuke siku za kabla jiwe halijawekwa juu ya jiwe. Wazee walioliona hekalu la Sulemani kabla ya kubomolewa 586 KK walikuwa na kumbukumbu yao, na Ezra anatuambia walilia kwa sauti kuu msingi mpya ulipowekwa. Machozi yale nayaheshimu. Ila hapa Hagai anawapeleka ghalani: ulikwenda kwenye chungu ya nafaka ukitarajia vipimo 20, ukakuta 10. Ulikwenda shinikizoni, mahali pa kukamulia zabibu, kuteka vyombo 50, ukakuta 20. Anawahesabia. Mtu anaweza kuyakumbuka ya kale kwa uchungu miaka yote bila kubadilisha ratiba ya wiki yake, lakini hesabu iliyoandikwa inakuonyesha moyo ulikokuwa ukienda.

Naomba hapa tuwe waangalifu. Wapo wanaolisoma neno hili kana kwamba ukichangia jengo, shamba litajibu. Angalieni mpangilio wake. Neno la kwanza baada ya watu kutii ni “Mimi nipo pamoja nanyi” (1:13), kabla hawajapandisha hata jiwe. Ahadi ya baraka juu ya mavuno inakuja miezi mitatu baada ya kazi kuanza. Walianza kazi wakiwa na Mungu tu, maghala bado matupu.

Kitu kingine kilichonigusa ni tarehe. Hagai alisema siku ya kwanza ya mwezi wa sita, na siku ya 24 ya mwezi huohuo watu walikuwa kazini. Jambo lililolala miaka 16 lilianza upya ndani ya siku 23, wala haikuwa kwa sababu mali zilikuwa zimeongezeka.

Nilimwonyesha mke wangu ule ukurasa. Alisoma kimya, akaniuliza kama yule mgonjwa wa mtaa wa chini, aliyevunjika nyonga mwezi wa nne, tumeshakwenda kumwona. Tulikuwa hatujaenda. Tumekwenda jana jioni, tukakaa naye hadi giza likaingia.

Alhamisi jumuiya itasali kwetu, saa kumi na moja jioni. Sebule haijapakwa rangi. Fundi nimemwambia aje Ijumaa.