Kutoka Rusumo hadi Nyamata

Daraja la Rusumo nililivuka kwa miguu asubuhi, begi mgongoni. Chini yangu mto Kagera ulikuwa unanguruma, maji rangi ya udongo. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka hapa kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi, huku mto ukipitisha maiti. Mimi nilikuwa na swali moja: jirani anafikaje mahali pa kumuua jirani yake, na dalili zake huonekana lini?

Dereva aliyenipeleka Nyamata alijifunza Kiswahili utotoni, kambini Ngara. Njiani hakusema mengi.

Ndani ya kanisa la Nyamata, ambalo sasa ni kumbukumbu ya mauaji hayo, nguo za waliouawa zimerundikwa juu ya mabenchi, safu kwa safu. Niliinama mbele ya kigauni cha mtoto. Kola imeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo ya mtu asiye na haraka, na kitambaa chote kimegeuka rangi ya kutu. Nikashindwa kuendelea, nikatoka nje.

“Dada,” dereva akaniambia, “kabla ya panga kulikuwa na redio.”

Alikuwa akiisema RTLM, redio ya wachochezi nchini Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993 na kuwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Nikakumbuka kwamba hata Kiswahili chetu kimewahi kutumikishwa hivyo: huko Bonde la Ufa, Kenya, majirani wa makabila mengine waliitwa madoadoa. Jina la namna hiyo likizoeleka, tayari pamechelewa.

Lakini Rwanda ilipata pia redio ya kuponya. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, uliojengwa juu ya kazi ya mwanasaikolojia Ervin Staub, aliyenusurika mauaji ya Wayahudi akiwa mtoto Hungaria. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliwafuatilia wasikilizaji. Imani zao za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walichoona kuwa kinakubalika kwa wenzao, na walithubutu zaidi kupinga hadharani. Kwangu hapo ndipo penye tumaini, maana mchochezi hutegemea kila mtu adhani wengine wote wameshakubali.

Dereva aliukumbuka vizuri. Mle ndani yumo Batamuriza, msichana anayempinga kaka yake mchochezi.

“Mama yangu alikuwa anamjibu redioni kama jirani,” akasema, akiwasha gari. “Anaacha kuchambua maharage, anamwambia: sema, mwanangu, sema!”