Siku yangu moja: mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya Pugu

Saa 11 alfajiri. Hapa Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, bado giza, lakini dirisha la tiketi lina foleni tayari. Abiria wa hapa hawanisumbui. Wanataka siti, kwa hiyo wanawahi, wanakata tiketi na kuingia kwa utulivu.

Saa 12. Tunaondoka. Kwenye daladala konda amesimama mlangoni, humkwepi. Treni ina milango kila behewa, na vituo vyetu vingi vya njiani viko wazi, mtu anatokea upande wowote wa reli. Tukipita Gongo la Mboto behewa limeshonana, na kukagua ni kupenya kwa bega: "Tiketi jamani, tiketi mkononi."

Saa 12 na nusu. Tiketi niliyokwisha kuikagua naichana kona. Anayetaka kuitumia tena huishika juu juu, kidole gumba kimefunika pale palipochanika, anaipunga haraka na kugeukia dirishani. Kwa hiyo mimi naanza kutazama kidole. Leo ni kijana nadhifu, shati limenyooshwa, masikioni visikilizio.

"Dada, si nimeshakuonyesha?"

"Fungua mkono, kaka yangu."

Kona haipo. Anatoa noti bila ubishi, na kwenye pochi naona zimebaki nyingine. Hili linaniuma kila siku: ninaowakamata wengi nauli wanayo. Pembeni yake kuna mama mwenye beseni la mihogo, ambaye alifungua pindo la kanga akalipa kabla sijamfikia. Amemtazama yule kijana akasema, "Mwanangu, mimi nimelipa, wewe unabebwa na nani?" Behewa zima likanyamaza. Mimi nisingeweza kusema vizuri kuliko vile.

Ujanja mwingine ni tiketi ya mwanafunzi. Treni ya Mwakyembe, treni ya abiria ya jijini iliyoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilipoanza 29 Oktoba 2012 kwenye njia nyingine, ya Stesheni hadi Ubungo Maziwa, mtu mzima alilipa shilingi 400 na mwanafunzi 100. Mpango mzuri kabisa, watoto wetu wanateswa sana na makonda wa daladala. Ila tofauti hiyo ya bei ina wapenzi wake: mwanamume mwenye ndevu ananionyesha tiketi ya mtoto, namuuliza yuko kidato gani.

Saa 1 asubuhi. Kabla ya Vingunguti vijana wa mlangoni wameona sare yangu, wawili wakaruka treni ikiwa bado inatembea. Siwafukuzi, na mkaguzi mpya nikipangiwa naye jambo la kwanza namwambia hilo. Nauli iliyopotea haifanani na mguu uliokatwa na gurudumu.

Binti wa shule ananiamkia, "Shikamoo dada," machozi yanamlenga, hela imedondoka kwenye msukumano. Namwandika kwenye daftari, namwacha aende shule.

Saa 3. Stesheni. Mahesabu, chapati na maharage, kisha usingizi kidogo kwenye benchi.

Saa 9 na nusu alasiri. Zamu ya jioni, na hapa kazi inabadilika kabisa. Tunajipanga kwenye njia ya kuingilia, tiketi inaonekana kabla mtu hajakanyaga behewa. Asiye nayo anarudi dirishani, hakuna wa kumshuhudia wala kumcheka. Ndani natembea kwa amani, nawasaidia wazee kupata pa kukaa.

Saa 2 usiku. Nimemwandikia msimamizi wangu: asubuhi wakaguzi wawili watolewe ndani ya mabehewa, wasimame chini pale Gongo la Mboto, wakague watu wakiwa bado ardhini. Watapungua wa kukamatwa, na hao vijana hawatakuwa na sababu ya kuruka. Amejibu kwamba wiki ijayo tutajaribu. Nimemwomba niwe mmoja wa hao wawili, maana sura za pale nazijua.