Karimjee, Dodoma, Urambo: kuifuata njia ya mwisho ya Spika Samuel Sitta

Samuel Sitta, Spika wa zamani wa Bunge la Tanzania, alifariki tarehe 7 Novemba 2016 mjini Munich, Ujerumani, alikokuwa akitibiwa. Mwili uliporudishwa nyumbani uliagwa ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam, ukapelekwa Dodoma kuagwa na wabunge, kisha ukafika Urambo, mkoani Tabora, alikozaliwa mwaka 1942 na alikozikwa. Njia hiyo nimeifuata kwa nchi kavu na namwandikia anayetaka kuifuata naye. Marehemu huyu ana heshima kubwa kwangu, na naamini kazi yake inaeleweka vizuri zaidi ukiwa umesimama pale ilipofanyika.

Karimjee hapahitaji muda mrefu. Ukumbi upo Barabara ya Sokoine, jirani na bustani ya mimea, na siku nyingi hukodishwa kwa shughuli, hivyo muulize mlinzi getini kabla hujaingia. Hapo ndipo Bunge lilipokaa miaka mingi kabla halijahamia Dodoma, na hapo ndipo pa kumfikiria Sitta kijana, mbunge wa Urambo tangu 1975 hadi 1995, enzi za chama kimoja na mwanzo wa vyama vingi.

Kwenda Dodoma nilichagua treni ya umeme ya SGR. Safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza Julai 2024 kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida, na treni ya haraka hutumia saa tatu na nusu hivi. Kata tiketi mapema mtandaoni, hasa ya Ijumaa na Jumapili, na jina liwe lile lile la kwenye kitambulisho. Fika kituoni saa mbili kabla, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na lango hufungwa treni ikiwa bado haijaondoka. Wanaoachwa wengi wamezoea basi la kusubiri abiria wa mwisho. Ukiwa njiani ukumbuke kwamba wizara ya mwisho ya Sitta ilikuwa Uchukuzi, aliyopewa Januari 2015 akitokea Ushirikiano wa Afrika Mashariki.

Dodoma ndiko pa kukaa. Kwanza angalia kalenda. Bunge hukutana kwa vipindi: mwishoni mwa Januari hadi Februari, Aprili hadi Juni kwa bajeti, halafu vikao vifupi kuelekea mwisho wa mwaka. Anayekwenda Machi hukuta ukumbi umefungwa, wabunge wako kwenye kamati. Omba nafasi ofisi ya Bunge au kupitia mbunge wako siku kadhaa kabla, chukua kitambulisho, vaa mavazi ya heshima yanayofunika mabega na magoti, na ujiandae kuacha simu na mkoba kwenye ukaguzi. Kikao huanza saa tatu asubuhi kwa dua na maswali.

Ukiweza, chagua Alhamisi. Siku hiyo kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, nusu saa, mbunge anasimama na kuuliza bila Waziri Mkuu kujua swali kabla. Utaratibu huo uliletwa na Kanuni za Bunge toleo la 2007, Sitta akiwa Spika. Ukumbi wenyewe ulianza kutumika 2006, mwaka wake wa kwanza kamili kwenye kile kiti. Kutoka jukwaa la wageni unakiona vizuri, na upinzani uko kushoto kwake.

Wengi humkumbuka kwa kauli yake ya "kasi na viwango" na kwa sakata la kampuni ya Richmond. Ni sawa. Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura, na taarifa yake ilipowasilishwa Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu pamoja na mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Spika kutoka chama tawala aliyeiacha taarifa ile isomwe yote mbele ya nchi alihitaji uti wa mgongo. Lakini kwangu mimi kazi iliyodumu zaidi ni ya kanuni: kamati za kusimamia fedha za umma zilikabidhiwa wenyeviti wa upinzani. Mwaka 2008 walikuwa John Cheyo kwa hesabu za serikali, Willibrod Slaa kwa serikali za mitaa na Zitto Kabwe kwa mashirika ya umma. Ndiyo maana Novemba 2014, Sitta akiwa ameshatoka kwenye kiti kile, kamati ya hesabu iliyoleta bungeni taarifa ya sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow ilikuwa chini ya mpinzani. Kabla ya safari soma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ya Februari 2008 kwenye tovuti ya Bunge, utasikiliza kikao kwa sikio tofauti.

Ukumbi huo huo ulibeba pia sura ngumu zaidi ya maisha yake. Mwaka 2014 aliongoza Bunge Maalum la Katiba. UKAWA, umoja wa wapinzani, walitoka Aprili, muundo wa serikali tatu wa rasimu ya Tume ya Joseph Warioba ukaachwa, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba kwa theluthi mbili za kila upande wa Muungano. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Naona alipaswa kusimamisha shughuli upinzani ulipotoka, kwani katiba iliyokosa nusu ya mjadala ilikuwa imeshapoteza nguvu kabla ya kura. Kumuenzi mtu ni pamoja na kulisema hili.

Kutoka Dodoma kwenda Tabora panda basi stendi ya Nanenane. Swali la kumuuliza wakala kabla ya kulipa: linapita Itigi au Nzega? Ya Nzega huzunguka Singida na kukuongezea saa kadhaa. Ya Itigi hupita mashamba ya mpunga ya Bahi, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, kisha ikaingia vichaka vya Itigi na miombo. Kula na ununue maji Manyoni, mbele vituo ni vichache. Kipande cha Chaya hadi Nyahua, kilomita 85, ndicho kilichokuwa cha mwisho kupata lami, na zamani masika yaliweza kukikata kabisa.

Lala Tabora. Asubuhi coaster za Urambo huondoka mara kwa mara, kilomita 90 na ushee za lami kupitia Ndono na Usoke. Hii ni nchi ya Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, na ni mojawapo ya sehemu Waingereza walikojaribu mradi wao mkubwa wa karanga kuanzia 1947 ukashindwa, tumbaku ikachukua nafasi. Mabani, yaani majengo ya kuikaushia, utayaona njiani. Ukipata michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni, nunua.

Kaburi ni la familia, si makumbusho. Anza ofisi ya serikali ya mtaa, jieleze, uombe ruhusa ifikishwe kwa wenyeji, na usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Ukiambiwa leo haiwezekani, shukuru. Muda ukibaki, endelea na barabara hiyo hiyo hadi Kaliua. Huko nako kulikuwa Urambo kabla jimbo halijagawanywa Mashariki na Magharibi, pamoja na Ulyankulu walikopokelewa wakimbizi wa Burundi wa 1972. Eneo lote hilo lilikuwa na mbunge mmoja, na kwa barabara za miaka ile mbunge huyo alilizungukia kwenye vumbi au tope.