Usiku wa sher mjini Weimar

Nilikuwa nasoma Leipzig, Ujerumani, wakati rafiki yangu mmoja aliponiambia, "Chukua fidla yako, twende Weimar." Ilikuwa Agosti 2017. Kila kiangazi mji ule wa washairi Goethe na Schiller hupokea watu wa nchi nyingi wanaokuja kujifunza muziki, ngoma na lugha ya Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki ambayo ni ndugu ya Kijerumani lakini huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Tamasha lenyewe ni Yiddish Summer Weimar. Mbegu yake ni warsha iliyofanyika mwaka 1999, Weimar ilipokuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, na aliyelilea tangu hapo ni Alan Bern, Mmarekani mpiga piano na akodiani.

Mimi ni mtoto wa taarab. Fidla nilifundishwa Unguja, kwa sikio, nikikaa nyuma ya wakubwa. Kwa hiyo mwalimu wa Weimar alipoanza somo bila kugawa karatasi za noti, nilijiona nyumbani. Alipiga kipande kifupi cha freylekhs, wimbo wa ngoma ya furaha, tukamjibu. Akakirudia, tukamjibu tena. Kisha akaingia kwenye ngazi ambayo wao wanaiita freygish, na mwili wangu wote ukasisimka. Ilikuwa Hijazi! Maqamu, yaani ngazi ya sauti za Kiarabu, ileile niliyoisikia tangu utotoni, sasa inatoka kwenye klarineti ya kijana wa Kipolandi aliyekaa mbele yangu.

Nikaipiga kwa furaha, na mwalimu akanisimamisha kwa upole. Kidole changu kilikuwa kinateleza kutoka noti hadi noti, vile tunavyomfuata mwimbaji kwetu. Yeye alitaka krekhts, pambo la sauti kama mguno. Akanionyesha karibu kabisa na uso wangu: noti inapokaribia kwisha, kidole kidogo kinaugusa uzi kidogo sana, upinde unazuiwa papo hapo, na sauti inakatika kama kwikwi ya mtu aliyetoka kulia. Nililirudia jambo hilo mchana kutwa, chini ya mti, mpaka ncha ya kidole ikauma.

Wengi huusikia muziki huu wakadhani ni wa maombolezo tu, na sababu yao naielewa. Kutoka mjini, basi linapanda kilima cha Ettersberg hadi Buchenwald, kambi ya Wanazi ambako watu wapatao 56,000 walikufa kati ya 1937 na 1945. Wayahudi milioni sita waliuawa Ulaya, na wengi wao walikuwa wasemaji wa Kiyidishi. Lakini nakataa kabisa kwamba kifo ndicho kiwe jina la utamaduni huu. Klezmer, wanamuziki wa Kiyahudi wa muziki huu, walikuwa wapigaji wa harusi. Walimsindikiza bibi harusi, walipokea wageni, walichezesha watu mpaka alfajiri. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kazi hiyo.

Usiku huo ukaja wakati wa kucheza. Viti vilisukumwa ukutani, nasi wanafunzi wa fidla tukasimama nyuma ya walimu. Ikatangazwa ngoma ya sher: jozi nne, mraba, kila jozi na zamu yake ya kuvuka katikati na kuwazungusha wenzao. Wazee na vijana wakajipanga, wengine hawajawahi kuicheza, na mwongozaji akawa anawaelekeza kwa sauti. Mabega yalikuwa yanacheza kuliko miguu, mikono imeinuliwa nusu, kila mmoja ana madaha yake.

Mpiga fidla mkuu hakutazama vidole vyake hata mara moja. Macho yake yalikuwa miguuni mwa wachezaji. Wimbo ukiisha anaunganisha mwingine, anabadilisha ufunguo, nasi tunamkimbilia. Mkono wangu wa kulia ulianza kufa ganzi. Nikamwinamia jirani yangu nikamwuliza tunamaliza lini, maana nilidhani kipande kina urefu wake uliopangwa. Akacheka, akanielekeza kwa kidevu kwenye mraba ulio karibu nasi, ambako mama mmoja mwenye mvi na kijana wake wa kucheza naye walikuwa bado wamesimama pembeni, wakipiga makofi.

"Wale hawajapata zamu," akasema. "Piga."