Mashimo 40

Jumatano usiku. Mvua ya masika imeanza saa nane mchana na mpaka sasa haijakatika.

Baba amelala. Kabla sijakaa kuandika nimeweka kiganja juu ya mkono wake wa kushoto, karibu na kiwiko, nikausikia mtetemo. Wauguzi walitufundisha kufanya hivyo kila siku. Ukiusikia unavuma kama nyuki ndani ya mzinga, mshipa ule walioutengeneza kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu bado uko wazi. Ukinyamaza, ni kukimbilia hospitalini usiku huohuo. Miaka yangu ya ndoa sikuwahi kufikiri kwamba sala yangu ya mwisho kila usiku itakuwa kumshika mume wangu mkono na kusikiliza.

Huu ni mwaka wa tatu wa kusafisha damu. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Tunaamka saa tisa na nusu usiku, tunateremka na haisi ya kwanza kutoka huku Machame mpaka mjini, analazwa pale saa nne nzima damu ikitoka, ikipita kwenye chujio, ikirudi. Jioni anakuwa kama nguo iliyokamuliwa. Kesho yake anapata nguvu kidogo, na kesho kutwa tunaanza tena. Presha ndiyo iliyomla figo polepole, na sisi tulidhani ni uchovu wa shamba.

Mtu wa kwetu ukimwambia asile ndizi umemwambia nini? Ndizi zina madini ambayo figo zake haziwezi kuyatoa, na yakizidi yanaweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo mtori hapana, kitawa hapana, vyote ni vya ndizi. Mboga nazichemsha, namwaga maji, nachemsha tena. Maji ya kunywa anapimiwa. Yeye aliyezaliwa katikati ya migomba na mifereji, anakaa barazani akisikia mfongo, mfereji wetu, unapita nyuma ya nyumba na mkononi ana nusu kikombe.

Tumaini tulikuwa nalo, tena la kushikika. Upandikizaji wa figo unafanyika hapa hapa nchini tangu mwaka 2017, na mdogo wake alijitolea bila hata kuombwa. Vipimo vikaonyesha yeye mwenyewe ana kisukari. Dada yao akaja, damu haikuafikiana. Mwezi wa kumi mwaka jana akapimwa binamu, na majibu yakatoka siku moja na mahafali ya mtoto wetu wa mwisho. Daktari alizungumza kwa upole sana. Nakumbuka nilimwangalia kalamu yake, si uso. Baada ya huyo hakuna mwingine.

Tangu siku ile nimesikia maneno mengi. Kuna aliyesema imani yetu ni ndogo, na kwamba tukitoa sadaka ya kumtoa adui, mashine itabaki hadithi. Kuna aliyetuambia moja kwa moja tuache kwenda, tuone kama Mungu si Mungu. Huyo nilimsindikiza mpaka njiani kwa heshima, kisha nikarudi jikoni nikalia kwa hasira. Akikosa kusafishwa mara mbili tatu, mapafu ya Baba yanaweza kujaa maji. Mungu aliyempa mtu akili ya kuitengeneza ile mashine, simwoni akiwaonea wivu wauguzi.

Lakini neno lililonichosha kuliko yote lilisemwa na watu wanaotupenda: Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Nimelibeba kwa miezi, na kila nilipoanguka nilidhani kosa ni langu. Mpaka niliposoma tena Waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya kwanza, Paulo akieleza dhiki iliyowapata Asia: kwamba walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Paulo! Yule ambaye tunamnukuu kila ibada ya jumuiya. Hasemi alikuwa na nguvu za kutosha. Anasema iliwapata hivyo wasijitumainie wenyewe, wamtumaini Mungu awafufuaye wafu. Nilisimama hapo pa wafu. Kama Mungu wake ni wa kufufua wafu, basi si lazima mimi niwe mzima ndani ndipo nimwendee.

Wiki tatu zilizopita, tukiwa kwenye haisi tunapanda, Baba akaegemeza kichwa kwenye kioo akaniambia, "Mama, masika haya tupande kahawa."

Nilidhani ni uchovu unaongea. "Kahawa ipi, Baba?"

"Ile mipya ya watafiti wa Lyamungu. Inahimili magonjwa, chulebuni na kutu ya majani. Pale juu ya mfereji, ile ya zamani tuing'oe, imeshachoka. Miche 40 itatosha."

Sikumjibu mpaka tukashuka. Ukweli nilikasirika. Mche wa kahawa unangojewa mpaka mwaka wa pili, wa tatu, ndipo uone kitu cha kupeleka chama cha ushirika. Mwaka wa tatu! Mimi nahesabu kutoka Jumanne hadi Alhamisi, na mtu huyu ananiambia habari za mwaka wa tatu. Na pesa ya miche ni nauli ya hospitali. Usiku ule nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Jumatano iliyofuata jumuiya ilikuwa kwetu, alfajiri, na somo lililosomwa ni Yeremia 32. Nimelisoma mara nyingi bila kulisikia. Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli. Yeremia mwenyewe yuko kifungoni, katika uwanja wa walinzi, kwa sababu amesema wazi kwamba mji utatekwa. Ndipo binamu yake Hanameli anamjia na kumtaka anunue shamba lake lililoko Anathothi. Shamba! Nchi inachukuliwa na adui, na mtu anauza shamba. Naye Yeremia analinunua, shekeli 17 za fedha, anazipima kwenye mizani, anaita mashahidi, anaandika hati mbili, moja ya muhuri na moja ya wazi, anamkabidhi Baruku azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.

Kilichonishika ni kinachofuata. Akishamaliza kulipa, ndipo anaomba, na sala yake ina mshangao mtupu. Anamwambia Mungu kwamba hakuna neno lililo gumu kwako, halafu anaishia akisema: maboma ya adui yamefika, mji umekwisha kutolewa, nawe umeniambia ninunue shamba. Yaani alilipa kwanza, ndipo akauliza. Na mji haukupona. Ulitekwa, ukachomwa, na Yeremia mwenyewe akachukuliwa mpaka Misri. Hakuna mahali nilipoona ameandikwa amelima Anathothi hata tuta moja.

Nilimtazama Baba upande wa pili wa chumba. Hakunitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wa kulia juu ya ule wa kushoto.

Wageni walipoondoka nikamuuliza, "Baba, unafikiri utaponywa?"

Akakaa kimya kitambo. "Sijui, Mama. Naomba kila siku. Lakini kihamba hiki, shamba la ukoo, nilikabidhiwa na Mzee kikiwa na kahawa. Sitaki watoto wakikute kichaka kwa sababu mimi nilikuwa nangoja kufa."

Mzee amelazwa pale pale, chini ya migomba, hatua chache kutoka alipotaka kupanda. Na mama mkwe pembeni yake. Sijui kwa nini sikuwahi kuyaunganisha haya: awafufuaye wafu, na haya makaburi mawili ninayoyapita kila asubuhi nikienda kukata majani ya ng'ombe.

Vijana wa jumuiya walikuja kuchimba mashimo, futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, wakachanganya samadi. Baba hawezi kushika jembe, mkono ule haubebi kitu kizito, basi alikaa kwenye kigoda akielekeza mistari kwa fimbo. Jana na leo tumepanda. Leo alitaka mmoja aupande mwenyewe, akapiga magoti kwenye tope, akaushindilia udongo kwa kiganja cha kulia. Aliniomba kikombe cha maji. Nilishtuka, nikajua ameshamaliza kipimo chake cha leo. Akayamwaga yote kwenye mche, ingawa wingu lilikuwa limeshatanda juu yetu.

Sina jibu la daktari jipya la kuwaandikia. Nililala nikilia juzi, na huenda nitalia tena kesho mbele ya mashine. Ninaendelea kumwomba Mungu ampe Baba figo, na simwombi kwa sauti ndogo.

Kutoka hapa dirishani nikimulika tochi naona mstari wa kwanza. Mche wa tatu kutoka mferejini umelazwa na mvua. Tukirudi kesho nitaufunga kijiti.